Wadudu Hai Uliotutumia

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mwanangu. Mko wazima? Kile kikohozi chako kimeisha, au bado unalala na dirisha wazi? Sisi huku wazima, na safari hii nikisema wazima nasema kweli. Nimeandika kwa mkono maana kwenye simu ningelia kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Herufi zikipanda mlima zivumilie. Niliishia darasa la nne.

Mguu wa mzee umepona. Mungu ashukuriwe, na wewe ushukuriwe. Unajua chuma kilivyomchoma pale karakana, akafunga kidonda kwa kitambaa cha kufutia grisi, akasema ni mkwaruzo tu. Siku ya nne mguu umevimba kama gogo na homa inamtetemesha. Daktari alimgombeza kama mtoto, akampa vidonge vya kuua wadudu, akasema avimalize vyote siku kumi bila kuruka hata kimoja, kwani wadudu wale wakifika kwenye mfupa, mguu unaweza kukatwa. Fundi wa kuchomea vyuma bila mguu!

Vidonge vikafanya kazi, uvimbe ukaanza kushuka. Lakini tumbo likafunguka. Mtu mzima na masharubu yake, akahamia kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya choo, eti kurudi kitandani ni kupoteza wakati. Tulicheka, kisha hatukucheka tena. Asubuhi ya siku ya tano akafunga mdomo, akasema vidonge hanywi tena, heri afe na mguu wake kuliko kufia chooni. Nikambembeleza, nikamtisha kwamba nitamwita dada yake. Wapi!

Nikakimbilia duka la dawa kutafuta kitu cha kufunga tumbo. Dada muuzaji akakataa kunipa chochote kabla hajaona dawa zote anazotumia mgonjwa. Nikamwaga mfuko mzima mezani.

Hapo, mwanangu, ndipo penye neno lililonishikisha kalamu. Pakiti yako, uliyotuma uliposikia mzee ameanza vidonge, ilikuwemo mfukoni, imefungwa vilevile ulivyoituma.

Kila jioni ulipopiga simu uliniuliza kama baba anakunywa ule unga wa tumbo, nami nikajibu anakunywa vizuri. Nilikudanganya. Ilipofika nilisoma ubavuni mwake, polepole, kwa kidole: bakteria hai. Nikamuuliza jirani yetu, yule tunayemwita Redio, bakteria ni kitu gani. Akasema si ndio hao wadudu. Basi nikaona daktari anawaua, na mkwe wangu anatuletea wengine, tena wazima! Nikaificha chini kabisa ya mfuko wa dawa. Na baya zaidi, nikamwambia Redio huenda umemchoka baba mkwe wako. Redio unamjua. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshasikia.

Dada wa dukani aliponisikiliza alicheka mpaka akashika meza. Akaniuliza kama huwa nagandisha mtindi. Nikasema mwaka wa thelathini huu. Akasema basi miaka thelathini nimewanywesha watu wadudu hai na hakuna aliyenishtaki. Akanieleza kwamba tumboni wamo wabaya na wazuri, na kidonge hakichagui, kinapiga wote. Wazuri wakipungua tumbo linavurugika. Unga wako unaongeza wazuri. Hakuniahidi muujiza, alisema unasaidia wengi, si wote. Ila usinywewe pamoja na kidonge, zipite kama saa mbili, la sivyo kidonge kitawaua wageni hata hawajakaa. Kisha akanihimiza nimrudishe mzee kwa daktari siku ileile. Daktari akampima, akasema vidonge visikatizwe, anywe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na unga wako autumie.

Mzee nilimwambia yote. Jioni akasema nilete hao wadudu wa mkwe wake, maana wanamjali kuliko mke wake. Nilistahili. Siku ya tatu akaacha ndoo, ya nne akaomba chakula, na vidonge akavimaliza vyote.

Redio nilimwomba asahihishe habari. Akasema habari ya pili haina utamu. Basi nikapita mwenyewe mlango kwa mlango, nikasema mjinga nilikuwa mimi, na mkwe wangu ndiye aliyemfikiria mzee akiwa mbali. Wengine walinicheka usoni. Nimeila aibu yangu na haikuniua.

Nisamehe, mwanangu. Ukitaka kunigombeza nigombeze, lakini simu usiache kupiga. Na siku nyingine nisipoelewa nitauliza, hata mara tano.

Msalimie mwanangu, mwambie ale. Kikohozi kisipoisha nenda hospitali, usinifiche kama nilivyokuficha mimi. Mzee yuko karakana tangu Jumatatu. Anasema mkija atakuja kuwapokea stendi kwa miguu, yote miwili.

Ni mimi,
Mama yako