Jibu Lile Lile Ziwani Kitangiri

Dada Rehema, shikamoo.

Hapa Shelui upepo unatia vumbi hadi kwenye chai. Nawafundisha mabwana samaki, maofisa uvuvi wa huku, namna ya kuhoji watu. Wao wamezoea kupasua samaki na kumpima. Leo tulikwenda Ziwa Kitangiri kufanya mazoezi, na kila mvuvi akajibu vilevile: "Tunaishi vizuri, hatuna shida." Wanafunzi wangu walifurahi. Mimi nilishuku, maana mwenyekiti wa kijiji alisimama nyuma yetu muda wote.

Nikajitenga, nikamfuata mama mmoja aliyekuwa akibanika perege. Akaniwahi yeye kuuliza: "Mwanangu, mmekuja kutuhamisha?"

Nikakataa upesi. Akageuza samaki wake. Ndipo nikajiuliza kwa nini wilaya ilitupa gari kirahisi vile, na kwa nini wanayataka majibu tuliyokusanya kabla hatujaondoka.

"Mama," nikasema, "kusema kweli, sijui."

Akanisogezea kigoda. "Basi kaa. Wengine wote wanaokuja hapa wanajua." Akanieleza wanavyoogopa kupelekwa mbali na maji na makaburi ya wazee wao. Nilikula perege wake kwa ugali wa uwele.

Jioni nimewaambia wanafunzi kwamba majibu ya leo ni ya mazoezi tu na wilayani hayafiki. Wawili wamenuna. Dereva wa wilaya ameniuliza mara mbili majibu nimeyaweka wapi.

Niombee, dada, na uwakumbatie watoto.

Mdogo wako,
Zainabu