Farasi Hana Mlango wa Dereva

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na usishangae mtu kama mimi kuomba msaada, kwa sababu mimi ni mtu mwenye bahati zake, waulize wateja wangu wote hapa saluni, nimekaa ng'ambo miaka minne kwenye shamba la tajiri mwenye farasi thelathini, wapole kwa wakorofi, hakuna ambaye sikukaa mgongoni mwake, na sijawahi kuanguka hata siku moja, hata kuteleza, ndiyo maana wananiita Jenerali. Kazi yangu ni kinyozi. Ukikaa kwenye kiti changu naanza habari za ng'ambo kabla sijakufunga kitambaa shingoni, na ukutani nyuma yangu nimetundika kalenda yenye picha ya bwana mmoja anapanda farasi mweupe, mguu mmoja bado uko chini, mwaka wake ulishapita zamani lakini siitoi, naitazama kutwa kwenye kioo huku mashine inanguruma mkononi.

Sasa nina binti wa miaka tisa, mwembamba, mbishi, kichwa chepesi, akiambiwa jambo leo utamkuta nalo mwakani. Mteja wangu mmoja ambaye ni daktari wa wanyama alimsikia anavyouliza maswali ya farasi akamtafutia nafasi kwenye klabu ya farasi huku kwetu, kila Jumamosi asubuhi, watoto sita na farasi wanne. Jumamosi ya kwanza walipiga farasi brashi tu. Ya pili wakafundishwa kuinua mguu wa farasi na kuchokoa mawe kwenye kwato, binti akarudi ananuka zizi, furaha haisemeki, mama yake akamvua viatu mlangoni. Ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya kupanda.

Mimi nikasema, mtoto wa Jenerali ataendaje mikono mitupu? Ijumaa jioni nikafunga saluni mapema, nikafunga mkanda wangu wa suruali kwenye mkono wa kochi ukawa hatamu, nikamfundisha mwenyewe, simama upande wa kulia, mguu wa kulia kwenye kile chuma cha kukanyagia, jirushe. Akajirusha mara ishirini. Mke wangu akapita na ndoo akasema, "Baba nanihii, hilo kochi likivunjika utalipanda hivyo hivyo." Tukacheka wote.

Kesho yake nikasimama kwenye uzio na wazazi wengine. Binti yangu alipewa farasi jike mzee anaitwa Mstaafu, mpole kiasi kwamba nzi wakitua puani anawaacha wapumzike. Mwalimu wao, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, aligeuka kidogo kumfunga mtoto mwingine kofia, na binti yangu akaniangalia, akatabasamu, akazunguka upande wa kulia kama nilivyomfundisha, akatia mguu, akajirusha. Mshauri, yule Mstaafu aliruka pembeni kama kamwagiwa maji ya moto! Tandiko likapinduka, mtoto akaenda chini, kiwiko kikachunika, mdomo ukapasuka, mchanga mpaka kwenye meno.

Mwalimu akamwinua, akamtazama vizuri, akamuuliza, "Nani kakufundisha kupandia huko?" Binti akanitazama mimi. Kisha akatazama mchanga. Akasema, "Nimesahau tu, mwalimu."

Hapo ndipo akili yangu ilipokwama, mshauri, mpaka leo. Huyu mtoto hasahau! Kwa nini aseme kasahau? Na huo upande una nini? Farasi si gari, hana mlango wa dereva na mlango wa abiria, mgongo ni ule ule ukija huku au ukija kule. Au yule Mstaafu ana kichaa? Au mwalimu hanipendi? Nilikohoa, nikasema sauti ikiwa juu kidogo kwamba mgongo wangu unauma, nikaenda kukaa.

Tangu siku hiyo binti hataki. Viatu vya mazoezi kavisukuma chini ya kitanda. Nikimwambia mtoto wa Jenerali haogopi, ananijibu polepole, "Wewe hujawahi kuanguka, baba. Mimi siyo kama wewe. Mimi ni mtu wa kuanguka." Neno hilo limenikaa kifuani, nanyoa watu vibaya, juzi nimemtoa bwana mmoja nyusi.

Na Jumamosi hii ni siku ya wazazi. Kumbe binti alishawatangazia kule klabu habari zangu zote za ng'ambo, na mwalimu kanipigia simu kwamba watoto wangefurahi baba huyo akipanda wa kwanza wawaone. Nikajibu, bila shaka. Mwalimu akaniambia pia kwamba mtoto akikosa Jumamosi mbili mfululizo nafasi yake anapewa mwingine, na moja ameshakosa. Nimfanyeje apande? Nimfundishe upya kwenye kochi? Nimgombeze? Nimechanganyikiwa kabisa, sijui wapi kichwa wapi mkia.

Jenerali, Kinyozi

*

Jenerali,

Pole. Mtoto akianguka mbele ya macho yako, wewe ndiye unayebaki na maumivu yeye akishalala, hilo nakuamini. Mengine uliyoandika nimeyasoma mara mbili, na mara ya pili nikavua miwani.

Nilimpigia simu mtu anayefundisha watu kupanda farasi. Nikamsomea ile habari ya kochi. Alicheka mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Farasi huzoeshwa tangu mdogo kupandwa kutoka upande wa kushoto, ndivyo vilabu vingi vinavyofanya, na farasi mzee aliyeishi miaka yote na mazoea hayo akijiwa ghafla kutoka kulia anashtuka. Mstaafu hana kichaa. Mwalimu hana ubaya na wewe. Yule bwana akaniambia mtu akikaa wiki moja tu kwenye zizi analijua hilo, sembuse miaka minne na farasi thelathini. Sasa sikuulizi kitu, Jenerali. Nakuachia ujiulize mwenyewe, nawe unalo jibu.

Unashangaa kwa nini mtoto alisema kasahau? Hukumwona alivyokutazama? Hakusahau! Aliulizwa nani kamfundisha, na aliyemfundisha yuko hapo kwenye uzio, kavaa shati zuri, kazungukwa na wazazi wenzake. Mtoto wa miaka tisa, damu mdomoni, akafikiri haraka kuliko wewe, akakufunika. Halafu wewe mgongo ukakuuma ukaenda kukaa. Aibu, kaka yangu! Kiwiko kitapona wiki hii. Lakini umemwacha anaamini kwamba kwenu watu hawaanguki, isipokuwa yeye, na anayaamini hayo kwa sababu umeyasema wewe, naye anakupenda.

Nakugombeza kwa sababu baba anayefunga saluni mapema afunge mkanda kwenye kochi si baba mbaya. Ungekuwa mbaya nisingepoteza wino.

Kwa hiyo usimgombeze, wala kochi usiliguse. Keti naye leo, usingoje Jumamosi, umwambie ukweli kwa maneno machache bila ng'ambo, bila tajiri. Mwambie kwamba kosa la upande lilikuwa lako. Ukimaliza, usijitetee, mwache aseme. Kisha nenda kwa mwalimu mwenyewe kwa miguu yako, umwambie nani alimfundisha mtoto kupandia kule, ili jina la binti lisafike. Jumamosi usipande wa kwanza. Omba kushika kamba ya kumwongoza farasi, na umwombe binti akuelekeze pa kusimama. Asipotaka kupanda siku hiyo, apige brashi, nawe upige naye.

Na huo mgongo wako, Jumamosi usiumwe.

Mshauri wako

*

Mpendwa mshauri, nimerudi, na safari hii ni fupi maana kuna mtu kwenye kiti nusu kichwa.

Nilimwambia, tukiwa kwenye lile kochi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kidole kwenye kidonda cha mdomo, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo hata kuanguka hujawahi?"

Nikasema, "Hata kuanguka."

"Basi mimi nimekupita," akasema, akaenda chumbani kuvuta viatu chini ya kitanda.

Jumamosi kazunguka uwanja mara tatu juu ya Mstaafu, kamba nimeshika mimi, ananifokea, "Baba, usimvute! Baba, kushoto kwake, siyo kwako!" Watoto wanacheka, mwalimu anacheka, hata mimi.

Jana nikiwa nakata nywele nikainua macho kwenye kioo, nikamwona yule bwana wa kalenda anapandia kulia. Nikageuka kuitazama picha yenyewe ukutani. Anapandia kushoto. Miaka yote naitazama kinyume, na ndiko nilikojifunzia.

Liandike hili gazetini, wateja wangu walisome wenyewe. Ng'ambo nilikaa miezi saba, nikaosha sahani. Tajiri hakuwepo, farasi thelathini hawakuwepo. Sijawahi kuanguka kwa sababu sijawahi kupanda farasi.