Gololi Sita Katika Kopo la Denzil Rexroad

Binti yangu Jolene alisema kweli, na Denzil Rexroad hakuiba kitu. Nimeomba hilo liandikwe juu kabisa, kabla ya jina langu, na afisa amekubali.

KITUO CHA POLISI CHA CUTLER BEND, VIRGINIA YA MAGHARIBI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Wilda Mae Cogar
Umri: Miaka 63
Kazi: Mstaafu. Nilikuwa mpakiaji katika Kiwanda cha Gololi cha Strader, tangu 1944 hadi kilipofungwa 1967
Elimu: Darasa la nane
Makazi: Mtaa wa Pili, nyumba ya kijani karibu na reli
Tarehe na saa: Jumatatu, 25 Septemba 1989, saa tatu na nusu asubuhi
Mbele ya: Sajenti Lyle Swisher

Mimi ni mjane na nina mtoto mmoja tu, Jolene, mwenye miaka 36, mpishi wa shule ya msingi ya hapa mjini. Anazijua gololi za zamani kuliko mtu yeyote kandokando ya Mto Ohio. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Hata angekuwa wa jirani ningesema, ila ningesema kwa sauti ndogo.

Mnamo Jumamosi tarehe 23 Septemba, saa mbili asubuhi, nilifika ukumbi wa zimamoto kwenye maonyesho ya gololi ya kila mwaka. Nilikuwa nauza maharage na mkate wa mahindi kwa ajili ya kanisa. Jolene alikuwa na meza yake dirishani, kwa sababu gololi husomwa kwa mwanga wa mchana. Watu walipanga foleni hadi mlangoni. Mtu huja na soksi iliyojaa gololi alizoachiwa na babu yake, anataka kujua zilitoka kiwanda gani, maana gololi haiandikwi jina. Jolene huizungusha moja chini ya kioo cha kukuzia, kisha hutaja kiwanda. Anachotafuta ni pale mkasi wa mashine ulipokata uji wa kioo ungali moto. Mkasi wa kila kiwanda uliacha kovu lake. Gololi ya Strader ina makovu mawili, moja kila upande, kama ncha za limau. Ya Dunmore, ng'ambo ya mto kule Ohio, ina kovu moja refu lililopinda kama kipande cha ukucha. Mimi nilipakia gololi miaka ishirini na mitatu na sikuwahi kuliona hilo mpaka mwanangu aliponionyesha.

Meza ya pili kutoka kwa Jolene alikaa Mzee Denzil Rexroad, miaka 79, fundi wa mashine namba tatu ya Strader kwa miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka hualikwa kama mgeni wa heshima. Meza ya tatu ilikuwa ya Bwana Royce Pendry, mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Charleston. Alikuwa na sanduku la karatasi ngumu lenye matundu ishirini na matano, limeandikwa STRADER kwa rangi nyekundu, na kila tundu lilikuwa na gololi ya buluu na nyeupe.

Saa sita na robo mchana Bwana Pendry alikuja mezani kwangu kula. Alikula bakuli mbili. Alirudi kwake saa saba kasoro kumi na nikamsikia akisema gololi sita hazimo kwenye sanduku. Wakati huohuo Mzee Denzil alikuwa amefungua kopo lake la tumbaku akiwaonyesha watu gololi zake. Zilikuwa sita, za buluu na nyeupe.

Bwana Pendry alimwendea. "Mzee, hizo umezitoa wapi?"

"Kwenye mashine namba tatu," Denzil akamjibu. "Wewe ulikuwa bado unanyonya."

Watu wakacheka. Bwana Pendry hakucheka. Alisema sanduku ni la Strader, gololi za mzee ni za Strader, zimepotea sita na mzee anazo sita, hivyo polisi waitwe.

Jolene aliinuka. Aliomba aone zote. Alizikagua zile kumi na tisa zilizobaki sandukuni, moja moja, kisha zile sita za kopo. Haikupungua robo saa.

Akasema, "Za Mzee Denzil ni za Strader, zote sita. Za kwenye sanduku ni za Dunmore, zote kumi na tisa. Hizi hazikutoka humu."

Bwana Pendry akasema, "Dada, kusoma unajua? Sanduku limeandikwa Strader."

"Sanduku halikutengeneza gololi," Jolene akasema.

"Wewe si ndiye mpishi wa shule? Rudi kwenye masufuria yako."

"Nitarudi Jumatatu. Leo ni Jumamosi."

Nilitaka kupiga makofi. Lakini aliyefuata kusema ni Denzil mwenyewe, na aliyasema haya, nayakumbuka yote: "Jolene, mwanangu, usiniokoe kwa kukitukana kiwanda. Strader haikuwahi kutia gololi ya mtu mwingine kwenye sanduku lake."

"Sikitukani, Mzee. Nasema ninachokiona."

"Basi umeona vibaya."

Hapo watu wa mji wakamgeuka mwanangu. Bibi mmoja alimwambia aone haya. Polisi walifika saa nane kamili. Denzil alitembea mwenyewe hadi kwenye gari, kofia mkononi. Nimeelezwa aliandikiwa shtaka la wizi, akaruhusiwa kulala kwake akingoja kufikishwa kwa hakimu leo saa nane mchana.

Wakati hayo yanatokea nilikuwa nimeshika upawa. Nilijua Jolene yuko sahihi na nilinyamaza. Naomba na hilo liandikwe.

Sababu ni hii. Mwezi wa Februari 1951 tanuru letu lilipasuka. Mafundi wote wa mashine, Denzil akiwemo, walirudishwa nyumbani wiki tatu. Oda za Pasaka zilikuwa zimeshalipiwa. Mwenye kiwanda, marehemu Bwana Strader, alibakiza wanawake wanne tu wa kupakia. Lori lililofunikwa turubai lilileta mapipa ya gololi kutoka Dunmore, nasi tukazipakia kwenye masanduku ya Strader. Alitwambia mafundi wakijua wataona aibu na wateja wakijua watatuacha, na mji huu hautakuwa na kazi tena. Tulishika Biblia tukaapa kutosema. Wawili kati yetu wamekufa. Ocie Fluharty yuko kwenye nyumba ya wazee Parkersburg na kichwa chake bado kizima. Afisa anaweza kumpigia simu. Wa nne ni mimi.

Katika wiki hizo tatu hatukuwa na gololi hata moja yetu wenyewe. Sanduku lililopakiwa wakati ule lina Dunmore tupu.

Jana Jumapili, baada ya kanisa, Jolene alikuja kula kwangu. Hakugusa chakula. Akaniuliza, "Mama, nimekosea?"

"Hujakosea."

"Umejuaje?"

Nikamweleza. Akasema, "Miaka thelathini na minane, Mama. Na mimi miaka mitano naona gololi za Dunmore kwenye masanduku ya Strader, najiuliza ziliingiaje mle. Nikadhani macho yangu ndiyo mabovu." Akasema kesho atanipeleka kituoni. Nikamwambia sihitaji kupelekwa, kituo nakijua.

Nataka afisa aelewe vizuri: mimi sikumwambia kamwe. Wala baba yake sikumwambia. Wanawake wanne tuliapa kukifukia kitu hiki, na mtoto wangu amekifukua kwa kioo cha kukuzia cha dola nne. Maprofesa wangapi wanaweza hivyo, sijui. Mimi simjui hata mmoja.

Bwana Strader alituagiza kila sanduku la wiki zile tulitie alama ya penseli chini ya karatasi yenye matundu, ili likirudishwa tujue lilikotoka. Kila mmoja alikuwa na alama yake; yangu ilikuwa mstari mmoja mfupi na nukta mbili. Nimemwomba afisa afungue sanduku la Bwana Pendry, ambalo liko hapa kama kielelezo. Amelifungua mbele yangu saa nne na dakika ishirini. Alama ipo, mstari na nukta mbili. Ni mkono wangu.

Nani alichukua gololi sita za Bwana Pendry sijui. Sikumwona mtu.

Kabla ya kuja hapa, saa mbili asubuhi, nilipitia kwa Denzil. Alikuwa kwenye kibaraza, amevaa suti ya kwenda kwa hakimu. Nilimweleza yote nimesimama, sikuweza kukaa.

Akasema, "Afadhali ningefungwa, Wilda."

Nikamwambia, "Acha ujinga, Denzil. Gololi zinafanana dunia nzima, na mtoto amezijua zako kwa kovu la mkasi ulioutengeneza wewe."

Akauliza, "Alizijua zote sita?"

"Zote sita. Hakusita hata kwa moja."

Akakaa sawasawa kwenye kiti chake. Kisha akaniuliza kama Jolene anaweza kumwonyesha hilo kovu, maana hakuwahi kuliona. Nikasema atamwonyesha yeye na kila mtu. Ukumbi wa zimamoto nimeshauomba. Jolene atakaa dirishani na Denzil kando yake, na kabla hawajaanza nitasimama mimi nieleze habari ya lori, kwa mdomo wangu, wasiisikie dukani. Watakaoninunia wanune wakiwa wameketi. Aliyemwambia mwanangu aone haya namwekea kiti cha mbele.

Nimesema niliyoyafanya, niliyoyaona na niliyoyanyamazia. Nimesomewa yote na hakuna lililoongezwa. Nilitaka sifa za Jolene ziwe nyingi zaidi, lakini karatasi ni ya serikali.

Sahihi: Wilda M. Cogar

MAELEZO YA AFISA: Shahidi amesaini mbele yangu saa tano kasoro robo. Bi Ocie Fluharty amethibitisha kwa simu habari ya lori na alama za penseli. Nimempelekea mwendesha mashtaka maelezo haya, naye ameliondoa shtaka dhidi ya Denzil Rexroad saa sita na nusu. Kopo na gololi sita amerudishiwa nyumbani kwake. Upelelezi wa gololi zilizopotea unaendelea. Nilimweleza shahidi kwamba mwaliko si sehemu ya ushahidi. Alikataa kuondoka mpaka uandikwe, nami nauandika: wote wenye gololi na wasio nazo wanangojwa ukumbi wa zimamoto, saa nne asubuhi, Jumamosi tarehe 14 Oktoba.

L. Swisher, Sajenti