Kitufe Chekundu cha Karakana

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua kwa kupanda nguzo za umeme kila siku. Huku hatujambo. Binti yako uliyenikabidhi naye hajambo, ana vidole vyake vyote kumi, na utaona kwa nini nimelisema hilo mapema.

Ile karakana ya timu ya roboti niliyokuwa nikikuchosha nayo imekamilika. Ungeiona ungeacha kunitania kwamba sijui kupigilia msumari bila kujipiga kidole. Kuna meza sita zenye jiliwa za kubania vyuma, kabati la chuma la betri, na ukutani kila bisibisi imechorewa umbo lake, ikikosekana inajulikana. Kando ya mashine ya kutoboa nilifunga kitufe chekundu, kikubwa kama kisahani, cha kuzima mashine zote kwa mpigo. Hilo ndilo somo la kwanza nililowapa wanafunzi: ukiogopa, bonyeza, usifikiri. Mkaguzi alikitazama, akakisifu, akatia sahihi.

Juzi asubuhi binti yako alikuwa akitoboa bati la roboti yao, mkono wa sweta ukanaswa na mashine. Akabonyeza kitufe kwa mkono wa pili, kama nilivyomfundisha. Mashine ikaendelea kuzunguka. Akabonyeza tena. Mwenzake ndiye aliyechomoa plagi, sweta likiwa limeshaliwa hadi kwenye kiwiko. Alipata mchubuko tu, lakini mimi nilikaa sakafuni mbele ya wanafunzi. Mwalimu mkuu alinipoza, akasema ajali haina kinga. Nikaitikia.

Dada, nyuma ya kile kitufe hamna waya. Nyaya zilichelewa na mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake, basi nikakifunga kwa skrubu nne na kujiambia nitakiunganisha wiki ijayo. Wiki saba zimepita. Sikukuita wewe fundi wangu kwa sababu nilijua ungekibonyeza kabla hujavua viatu.

Na hilo si baya kuliko yote. Baada ya masomo binti yako alinifuata akaniomba radhi. Alisema hakubonyeza sawasawa, hofu ilimlegeza mkono. Nikamwambia wakati mwingine abonyeze kwa nguvu zaidi. Ndivyo nilivyomwambia, mtoto wa dada yangu. Jana nilimkuta amesimama peke yake mbele ya kile kitufe, anafanya mazoezi.

Leo nimezima swichi kuu, nimejifungia ndani, na wanafunzi nimewaambia kufuli ni bovu. Nakuandikia juu ya meza ya jiliwa, na kila hatua ninayoisikia nje inanishtua. Mficha uchi hazai, Dada. Nikishafunga bahasha nakwenda kwa mwalimu mkuu, lakini kwanza kwa mpwa wangu. Naogopa kufukuzwa kazi, nakuogopa na wewe, ila ninayeogopa zaidi kumtazama usoni ni yeye.

Njoo Jumamosi na nyaya zako. Nikikuambia nimeshaunganisha, usiniamini, jaribu mwenyewe.

Msalimie shemeji na wote wa nyumbani. Na kama barua ya binti yako imetangulia kukufikia, ikisema kwamba alikosea, ichane. Alibonyeza sawasawa, mara zote mbili.

Ni mimi, mdogo wako