Siku Niliyokaza Amortisa na Koko Yumo Garini

Cubaka, asubuhi nilijiambia hapa Kamembe hakuna muntu wa kunishinda kwa amortisa za gari, zile za kuzuia mishtuko ya barabara. Usicheke.

Si wewe ulisema gari yangu inalala kwenye kona kama mlevi? Basi nikazungusha vile vibuto vya kukaza na kulegeza amortisa mpya, vyote vinne, mpaka mwisho wa kukaza. Nilitaka iteremke barabara ya Bugarama imesimama wima. Ikakuwa ngumu kama benchi ya kanisa.

Na leo ndiyo tulimtoa Koko hospitali. Dokta alisema dawa haisaidii tena, tumpeleke bibi yetu akapumzike kwake. Amebaki mifupa mitupu! Dada yangu Véronique alimpakata kichwa kule nyuma.

Kila jiwe, Koko analia. Kila jiwe, ndugu yangu. "Mjukuu wangu, nimekukosea nini?" Aliniuliza hivyo. Mimi!

Ningesimama kidogo tu, nishuke, nilegeze. Niliona haya. Wangejua ni mimi.

Tumefika, bandugu wote wako uani wanangoja. Koko hawezi hata kuwasalimia, ameuma kitenge chake. Papa akauliza kwa nini mama yake yuko hivi. Nikajibu haraka, "Barabara, Papa. Imeharibika kabisa."

 Véronique akasema mbele ya wote, machozi yanamtoka: "Asubuhi nilikuona umepiga magoti kwenye gurudumu, unazungusha vibuto. Nilifikiri unalegeza kwa ajili ya Koko."