Hodi kwa Mwajuma

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zako za Mbeya zimenifikia. Mie hapa Temeke mzima, na mama yako alipita Jumapili, mguu wake umepoa.

Umeuliza kwa nini kila asubuhi nampigia hodi jirani yangu Mwajuma, mwenye kifua kikuu sugu, wakati wengine wanampita mbali.

Nilipougua ugonjwa huohuo, wewe ulikuwa unatambaa. Dawa zake hazikuwepo huku, nikapelekwa kulazwa hospitali huko Kilimanjaro. Walinitunza vizuri. Ila wodini mtu anaingia tu, habishi hodi. Miezi yote ile sikupata wa kumwambia karibu. Siku niliyorudi shoga yangu akabisha, nikamkimbilia mlangoni kabla sijakumbuka kuitika karibu.

Siku hizi dawa zipo huku; Mwajuma kamezea zahanati ya hapa mtaani, usiku akalala kitandani kwake. Mie nabisha, yeye anaitika, tunaongea nikiwa barazani.

Juzi kamaliza dozi, kapona, karudi kwenye genge lake la mboga Buguruni. Nimefurahi. Lakini leo asubuhi nimejikuta mlangoni kwake nabisha hodi, na kufuli linaning'inia.

Ukija likizo, mlango utaukuta wazi. Usiingie tu, mjukuu wangu. Bisha kwanza.

Bibi yako