Adeer Bulle, Banda la Ngozi Limefunguliwa

Adeer Bulle,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika. Kisomali chetu nakisema tu. Nikishika kalamu kinanikwama.

Sikukuzika, Adeer, ami yangu wa heshima. Mvua ile kubwa ilinikuta Hulugho kwa mama yangu, barabara ikawa ziwa, malori yakazama njiani. Habari zako nilizipata kwenye redio ya taar, pale dukani watu wanapopanga foleni kuongea na jamaa zao wa mbali. Sauti ilikuwa ikikatika. Nilisikia jina lako, nikasikia "homa," kisha "inna lillahi." Mwenye redio akaniuliza kama nina la kujibu. Sikuwa nalo.

Ninalo sasa.

Mwaka wa ukame tulifika Garissa kwa miguu, mimi na wanangu watatu, tukajenga kibanda cha miti na matambara nje ya mji. Ng'ombe wetu wa mwisho tulimchinja njiani kabla hajafa, nami nikaibeba ngozi yake mgongoni bila kujua nitaifanyia nini. Ulinikuta nimeianika mchangani. Wewe, tajiri wa ng'ombe, mwenye malori, ulichuchumaa ukaigeuza kwa mikono yako. "Abaayo, dada yangu," ukasema kwa Kiswahili cha sokoni, "hii umeibika." Nilidhani unaniita mwizi. Kumbe ulimaanisha nimeipika, ila p ya Kiswahili hututoka b sisi Wasomali: jua na mchanga vimeiunguza, hakuna atakayeinunua.

Wengine waliokuja kututazama wakati ule walituletea unga. Mungu awalipe, tuliula. Wewe uliwaita wafanyabiashara wenzako baada ya sala ya alasiri, ukamwomba kila mmoja atoe kitu kutoka katika biashara yake mwenyewe. Huyu mabati, yule waya na misumari, mwingine nafasi katika lori lake la Nairobi. Wewe ukatoa kiwanja cha kujengea banda la ngozi, na ukamtoa mchunaji wako mkongwe atufundishe sisi wanawake kuchuna bila kutoboa, na kuwamba ngozi kwenye fremu za miti, kivulini. Nilikuwa nimeketi nje ya ukuta wa msikiti siku ile. Nilimsikia mmoja wao akikuonya, "Bulle, unafuga watu watakaokunyang'anya mnunuzi wako." Ukajibu, "Wakimnyang'anya, nitajua wamejifunza."

Wakacheka. Mimi niliona ni maneno ya barazani tu.

Basi ikaja siku ile. Mnunuzi wa Nairobi aliingia bandani, akashika ngozi zangu moja moja, akaziinua kwenye mwanga, akazichukua zote. Kisha akaenda kwenye ghala lako, akaziacha nyingi za kwako. Nilipoambiwa, niliacha kazi nikaenda nyumbani. Kivuli ni chako, mabati umeyaomba wewe, mnunuzi umemleta wewe. Siku tatu sikukanyaga bandani. Nilimwambia jirani aseme ninaumwa.

Siku ya nne ulikuja mwenyewe, na wachunaji wako wawili nyuma yako. Nilianza kuomba msamaha, ukainua mkono.

"Sikuja kwa hilo. Hawa wangu wana haraka. Wafundishe."

Ukaketi juu ya gunia la chumvi ukinywa chai ya maziwa ya ngamia, ukanitazama nikiwaelekeza watu wako. Ulipoondoka uliniita mwalimu, mbele ya wanawake wote. Nilitaka kukushukuru, Adeer. Nilikuwa nayo maneno mdomoni kabisa. Nikasema chai imepoa, ngoja nikuongezee. Ukasema imetosha, ukaenda zako.

Baada yako mambo yaliharibika. Ile homa iliyokuchukua iliua mifugo pia, soko likafungwa, hakuna aliyechinja. Upepo uling'oa mabati upande mmoja wa banda. Wenzangu wakarudi kuuza kuni. Watu wakaanza kusema kiwanja kitagawanywa katika mirathi, na mimi nikaanza kuzihamisha fremu zangu kidogo kidogo, ili nisije nikafukuzwa nazo.

Mwezi uliopita soko lilifunguliwa, na mwanao mkubwa akanijia na ufunguo. Alisema ulipokuwa mgonjwa uliwaita mashahidi wawili, ukatamka kwamba kiwanja kile si chao, ni wakfu wa watu wa ngozi. Homa imekushika namna ile, na bado ulitukumbuka. Nililia pale pale nimesimama, ufunguo mkononi, mwanao akaangalia pembeni ili anistahi.

Tumerudisha mabati. Sasa ninalala nyumba ya mawe, Adeer, na binti yangu mkubwa yuko sekondari ya bweni. Wachunaji wako wana biashara yao, na wananishinda bei wiki nyingine. Nakasirika kidogo, kisha nacheka peke yangu.

Nina ahadi moja. Kule Liboi kuna wanawake wanaoanika ngozi kando ya barabara, juani, hawana hata kivuli cha turubai. Ijumaa hii, baada ya sala, nitakwenda kwa wafanyabiashara wenzako. Sijawahi kusema mbele ya wanaume wale, na huenda sauti ikanitetemeka. Nitawaomba banda la Liboi. Fremu za kwanza nitazitoa mimi.

Ahsante, Adeer. Mungu alipanue kaburi lako na alijaze nuru.

Mimi, Habiba, wa bandani kwako.